Nani Atamfunga Panya Kengele?

Ipo ngano ambayo karibu kila mtoto aliyepitia shule ya msingi humu nchini aliisikia kabla ya kujua kuandika jina lake sawasawa. Panya waliitisha mkutano kujadili namna ya kujinusuru na makucha ya paka. Mmoja wao, kijana machachari, akapendekeza paka afungwe kengele shingoni ili ujio wake usikike kutoka mbali. Wote wakashangilia, hadi mzee aliyekuwa kimya pembeni alipouliza ni nani ambaye angekwenda kuifunga. Walimu huitumia ngano hii kuwakanya wenye maneno mengi na vitendo haba. Hata hivyo, anayelala jirani na ghala la mahindi anaweza kuisoma kinyume. Usiku wa manane, mwenye kuhitaji kengele si panya bali mkulima. Yeye ndiye asiyesikia ujio wa adui wake, na ndiye anayeamka alfajiri akakuta gunia limetobolewa kwa chini na punje zimemwagika sakafuni zikiwa zimelowa mkojo.

Kiswahili kimemfahamu panya kwa muda mrefu. Kinamsema kuwa huuma na kupuliza, yaani huguguna nyayo za aliyelala huku akizipoza kwa pumzi ili mwenyewe asihisi maumivu. Kama kweli panya hupuliza, hilo waachiwe wanabiolojia. Lililo muhimu ni kwamba msemo huo umenasa kiini cha tatizo: ustadi wa panya haumo katika meno yake pekee, umo katika kufanya hasara bila kuhisiwa. Na kuhisi ndilo jambo ambalo siku hizi linauzwa kwa shilingi mia chache katika maduka ya Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, likiwa limefungashwa katika kipande cha plastiki kisichozidi kiberiti kwa ukubwa.

Yafaa kuanza na ghala lenyewe. Viungani mwa mji wa Kitale anaishi mjane mmoja ambaye wajukuu zake, na kwa kweli kijiji kizima, humwita Kukhu, kama Wabukusu wamwitavyo bibi. Kukhu ana shamba la ekari moja na ghala la mbao lililoezekwa mabati. Mahindi ya Trans Nzoia hupandwa mvua za masika zinapoanza na huvunwa kati ya Oktoba na Desemba. Msimu huo kila mtu anauza, na kwa hiyo bei huwa chini. Anayeweza kuyahifadhi mahindi yake hadi Mei au Juni, wakati maghala ya wengi yamekwisha, hupata bei iliyo bora zaidi. Hesabu hii Kukhu aliijua tangu ujana wake. Lakini mwaka baada ya mwaka aliuza Januari, mara tu karo za muhula wa kwanza zilipobisha hodi, kwa sababu aliona afadhali hela kidogo mkononi kuliko magunia ya kulisha panya. Hulaumiwa sana madalali wanaopita vijijini na mizani zao. Katika ghala hili, dalali wa kwanza alikuwa na mkia.

Aliwahi kushauriwa kununua yale magunia ya kisasa yenye mifuko miwili ya plastiki ndani, ambayo hufungwa kabisa hivi kwamba fukusi na dumuzi hufa kwa kukosa hewa. Ni uvumbuzi wa maana, nao umewaokoa wakulima wengi dhidi ya wadudu bila chembe ya dawa. Kwa panya, hata hivyo, plastiki ni kama ganda la ndizi. Meno yake ya mbele hayakomi kukua, naye sharti agugune ili yasizidi kiasi. Tundu moja tu, hewa ikaingia, na gharama yote ya gunia lile imekwenda na maji.

Basi ikaja sumu. Sumu nyingi za panya hufanya kazi polepole, zikiizuia damu kuganda, na panya aliyekula huzurura siku kadhaa kabla ya kufa. Katika siku hizo huwa mzito na mlegevu, windo rahisi kwa paka. Paka wa Kukhu alikufa hivyo, chini ya mgomba, siku ya nne baada ya sumu kuwekwa. Bundi nao huangamia kwa njia iyo hiyo, wale ambao hawajauawa kwa mawe na watu wanaowaona kuwa wajumbe wa msiba. Ni ajabu iliyoje kwamba jamii inayolia kwa sababu ya panya humfukuza mwindaji wake mkuu kwa kuwa tu sauti yake haipendezi!

Baada ya sumu kikaja kijisanduku cheupe. Kiliuzwa na mchuuzi kwenye stendi ya matatu, na maelezo yake yalidai kwamba kikichomekwa kwenye umeme hutoa sauti isiyosikika na binadamu lakini inayowatimua panya wote nyumbani. Hapa pana uongo uliojengwa juu ya ukweli, na uongo wa namna hiyo ndio mgumu kuubomoa. Ni kweli kwamba sikio la binadamu hukoma kwenye mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde, ilhali la panya husikia hata mitetemo 50,000 na zaidi. Ni kweli pia kwamba vitoto vya panya humwita mama yao kwa sauti za aina hiyo, kwa hivyo usiku ambao mtu anauona kuwa kimya unaweza kuwa umejaa vilio. Lakini sauti hizo hufifia upesi hewani, hazipenyi gunia wala ubao, na panya huzizoea baada ya siku chache. Mwaka 2001 Tume ya Biashara ya Shirikisho nchini Marekani iliwaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 wa vifaa hivi, ikiwakumbusha kwamba madai yao yalihitaji ushahidi wa kisayansi. Vifaa vyenyewe havikukoma kuuzwa. Kukhu alikichomeka chake jikoni, maana ghala halikuwa na umeme, na wiki mbili baadaye akakikuta waya wake umegugunwa.

Mjukuu wake mmoja, kijana aliyesomea ufundi wa umeme na vifaa vya elektroniki, ndiye aliyekuja na wazo jingine wakati wa likizo ya Desemba. Hakuja na kitu cha kufukuza bali cha kuhisi. Kifaa chenyewe kina jicho la plastiki nyeupe lenye umbo la nusu yai, nalo limechongwa vijumba vijumba mithili ya sega la nyuki. Kila kijumba hukusanya joto kutoka upande wake. Nyuma ya jicho mna kipande chepesi cha kunasa joto kilichogawanywa sehemu mbili: mwili wenye joto ukipita, sehemu moja huupata kabla ya nyenzake, na tofauti hiyo ndogo huzaa mkondo hafifu wa umeme. Kifaa hakioni umbo wala rangi. Kinachokitikisa ni joto linalosogea. Kitale iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,900 na usiku wake una baridi, kwa hiyo panya mwenye damu ya moto hujitokeza waziwazi mbele ya ukuta uliopoa. Huko Lamu, ambako usiku wa kaskazi hewa yenyewe huwa na joto, jicho hilo hilo lingepata taabu zaidi.

Kwamba kitu kama hiki kimefika kijijini kwa bei ya kuku mmoja, kuna sababu yake. Mwaka 2005 katika mji wa Ivrea nchini Italia, kundi la walimu na wanafunzi wa ubunifu lilianzisha ubao mdogo wa kielektroniki uitwao Arduino, uliokusudiwa watu wasio wahandisi. Michoro yake iliachwa wazi ili yeyote aweze kuunda wake bila kumlipa mtu. Karakana za Uchina ziliuunda kwa maelfu, pamoja na vihisi vya kuunganisha nao, na bei ikaanguka. Mjukuu alilichomeka jicho lake kwenye ubao wa namna hiyo, akaongeza betri na kipande cha simu cha kutumia ujumbe mfupi, akalitumbukiza jicho ndani ya kipande cha bomba la plastiki ili litazame sehemu moja tu ya sakafu, akarudi zake mjini.

Kukhu alikuwa na kihisi chake tangu zamani. Jioni alipofunga ghala alichekecha jivu la jikoni na kulitandaza kwenye sakafu, na asubuhi alilisoma kama mtu asomavyo barua. Nyayo za mbele zenye vidole vinne na za nyuma zenye vidole vitano, mstari mwembamba wa mkia katikati: huyu ni panya mkubwa. Alama ndogo zilizosongamana: hawa ni vitoto, kwa hiyo kiota hakiko mbali. Asidhani mtu kwamba hii ni mbinu ya wasiosoma. Watafiti wa panya hutandaza vigae vilivyopakwa masizi au wino na kuhesabu nyayo asubuhi, na matokeo yake huingia katika majarida ya kitaaluma. Tofauti ni kwamba jivu humtaja aliyepita na pahali alipopita, lakini halitaji wakati. Jicho la plastiki hutaja wakati, lakini haliwezi kutofautisha panya na paka. Kila kimoja kinajua nusu ya habari, na walioviunganisha ni ajuza mmoja na kijana aliyekuwa umbali wa kilomita mia tatu na zaidi.

Muungano huo ulianza kwa mkwaruzano, na uliosababisha mkwaruzano haukuwa umeme bali lugha. Ujumbe wa kwanza ulifika ukisema: Panya amepita saa 2:10 usiku. Wa pili, kesho yake, ukasema saa 2:25. Kukhu akatafakari. Saa mbili usiku yeye na wajukuu wadogo huwa jikoni wakila ugali, na mlango wa ghala mara nyingi huwa haujafungwa. Mwizi amejulikana, alijiambia, anaingia mlangoni watu wakiwa mezani. Kuanzia siku hiyo mlango ukawa unafungwa kabla ya magharibi, na watoto wakaonywa vikali. Ujumbe haukukoma: saa 2:05, saa 2:40, saa 2:15. Ilichukua siku tano kabla ya simu kupigwa.

"Kukhu, hiyo ni saa nane."

"Saa nane ya nani? Imeandikwa mbili."

"Mashine inahesabu kuanzia usiku wa manane."

"Basi mashine yako imesoma Kiingereza. Ukiniandikia Kiswahili, niandikie na saa ya Kiswahili."

Alikuwa na haki kabisa. Aliyeandika sentensi ile alitafsiri maneno akaiacha saa bila kuitafsiri, na saa ni sehemu ya lugha kama ilivyo ngeli. Siku ya Mswahili huanza jua linapochomoza na usiku wake huanza jua linapotua, hivyo kwamba saa mbili usiku na saa nane usiku zinatenganishwa na saa sita kamili za giza. Wakenya wengi hutazama simu inayoonyesha 02:10 na kusema saa nane bila kufikiri. Lakini neno saa likitangulia tarakimu hiyo katika sentensi ya Kiswahili, msomaji hana budi kuiamini sentensi. Kijana aliongeza mstari mmoja katika programu yake, wa kuongeza au kupunguza sita, pamoja na maneno ya kutenganisha usiku, alfajiri na asubuhi. Huenda huo ndio mstari wenye thamani kubwa kuliko yote aliyoandika, kwa sababu hapo tu ndipo Kukhu alipofahamu kwamba panya walikuja wakati mlango umeshafungwa kitambo.

Wapenzi wa istilahi watauliza kifaa hiki kiitwe nani. Mafundi wengi husema sensa, kwa kuswahilisha neno la Kiingereza. Ubaya ni kwamba neno hilo tayari lina mwenyewe: sensa ni ile ya Agosti 2019, ya kuhesabu watu nchini. Mtu akisema ameweka sensa ghalani, msikilizaji atadhani panya wanaulizwa kabila zao. Kitambuzi nalo limependekezwa, lakini linaahidi mno, maana kutambua ni kujua kitu kwa hakika, ilhali kifaa hiki hakina hakika yoyote. Kihisi ndilo linalostahili. Kwanza halivunji sheria ya maumbo: vitenzi vya asili ya Kiarabu havibadili irabu ya mwisho vinapozaa nomino za namna hii, kama safiri inavyozaa msafiri. Pili, na hili ni zito zaidi, kuhisi katika Kiswahili cha kila siku hubeba shaka ndani yake. Asemaye "nahisi kuna mtu nje" hajasema kwamba amemwona. Kihisi vilevile. Kimepata joto lililosogea, basi. Aliyeongeza neno panya ni mwanadamu.

Jambo hili lilithibitika Februari, usiku ambao kifaa kilituma jumbe saba mfululizo na Kukhu akaenda na taa na rungu, akamkuta paka wa jirani amejikunja juu ya magunia. Kijana alipoelezwa, alibadilisha ujumbe, akaandika: Kitu chenye joto kimepita. Ulikuwa ukweli mtupu, nao haukumpendeza bibi. "Hata mwizi ana joto," alisema. "Sasa nitoke na rungu ama nikae?"

Kwa mkabala huo, inastahili kukumbukwa kwamba si mbali na hapa, mjini Morogoro nchini Tanzania, kihisi ni panya mwenyewe. Shirika la APOPO, lililoanzishwa mwaka 1997 na lenye makao ya mafunzo katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, huwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyozikwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi ya wagonjwa. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa huko Tanzania, akafanya kazi nchini Kambodia, akagundua zaidi ya mabomu 100 na mabaki mengine ya silaha, akatunukiwa nishani ya dhahabu mwaka 2020 na kufa mwanzoni mwa 2022. Haukuundwa bado ubao wa shilingi mia chache unaoweza kufanya kazi ya pua ile. Kukhu aliposimuliwa habari hizo alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza iwapo huyo Magawa alikuwa akila mahindi. Alijibiwa kwamba panya hao hutuzwa ndizi.

Turufu ya mwisho ya kijana ilikuwa kufukuza. Aliunganisha kihisi na taa pamoja na king'ora kidogo: joto likipita, ghala limulikwe na kelele zipigwe. Usiku wa kwanza hakuna aliyerudi. Usiku wa pili vilevile. Panya huogopa kila kipya, hata kisanduku tupu kikiwekwa njiani atakizunguka siku kadhaa. Lakini woga huo una kikomo, na panya ni mwanafunzi mwepesi kuliko wengi. Kufikia usiku wa tano walikuwa wamerejea, na kwa ushahidi wa jivu, walikula mbele ya taa ile kama wageni waalikwa. Waliopoteza usingizi ni watoto.

Kilicholeta nafuu kilikuwa kihisi cha pili, kisicho na taa wala kelele, ambacho Kukhu mwenyewe aliagiza kiwekwe juu, pale mbao za ukuta zinapokutana na mabati. Alikuwa amegundua katika jivu kwamba nyayo huanzia ukutani na si mlangoni. Usiku ule kihisi cha juu kiliandika saa nane na dakika tatu, cha chini kikaandika saa nane na dakika sita. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Njia ilikuwa juu. Alipotoka nje na kuinua macho aliona tawi la mparachichi, mti alioupanda marehemu mumewe, likiwa limelala juu ya bati. Lilikatwa siku hiyo hiyo. Mapengo ya ukutani yalizibwa kwa vipande vya debe, hata yale madogo, maana panya hupenya palipo na upana wa kidole gumba. Nguzo za ghala zilivishwa mabati laini yasiyompa panya pa kushika, kama walivyofanya wazee waliojenga maghala ya miguu kabla ya bei ya mbao kupanda na watu kuanza kuhifadhi mahindi chini. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichohitaji betri. Ila bila zile dakika tatu kati ya juu na chini, Kukhu angeendelea kufunga mlango.

Jumbe zilipungua hadi moja au mbili kwa wiki. Kati ya magunia 12 aliyohifadhi, aliuza mawili Januari kwa ajili ya karo, akala matatu na familia yake, na saba akayapakia kwenye lori mwezi wa Juni. Moja kati ya hayo saba lilikuwa na tundu lililoshonwa kwa uzi wa katani, na mnunuzi alilikatia bei, baada ya mabishano marefu kidogo.

Tangu hapo kifaa kimeazimwa. Jirani ambaye paka wake alizua ile kadhia ya Februari ana banda la kuku, na kicheche humpunguzia vifaranga. Kijana alipopigiwa simu aliuliza ujumbe mpya uandikwe vipi: kicheche amepita, mnyama amepita, au kitu chenye joto. Simu ilikuwa mkononi mwa Kukhu.

"Kiandike saa tu," alisema, "na iwe ya Kiswahili. Mwambie jirani akachekeche jivu."